"Hakuna magari" haina maana "kuna lami": dhana potofu kuhusu njia za baiskeli za mashambani Ufaransa

"Kaka, si umesema njia haina magari? Basi nakuja na baiskeli yangu ya mashindano." Maneno haya nimeyasikia kwa wateja ninaowaongoza kwa baiskeli, wa Nairobi, wa Dar, wa London na hata wa hapa hapa Toulouse. Kila nikiyasikia najua kitakachofuata: siku ya pili tutasimama chini ya mti kandokando ya Canal du Midi, mfereji unaotoka Toulouse kwenda Mediterania, mtu ameshika tyubu iliyotoboka mara mbili, ananiuliza mbona sikumwambia. Nilimwambia. Hakunisikia, kwa sababu kichwani mwake tayari njia isiyo na magari ni njia laini, tambarare, inayokubali baiskeli yoyote. Dhana hii inaharibu safari nyingi kuliko mvua, kwa hiyo leo naiandikia kwa kirefu.

Tuanze na kibao. Ukiona kibao cha Voie Verte, hicho ni kibao cha sheria. Tangu 2004 sheria ya barabarani ya Ufaransa inaitambua Voie Verte kuwa njia iliyotengwa kwa vyombo visivyo na injini, waenda kwa miguu na wapanda farasi. Sheria inataja nani apite. Haitaji atapita juu ya nini. Chini ya kibao kile kile unaweza kukuta lami, changarawe iliyoshindiliwa, mchanga au udongo mtupu. Na vipande vingine vya Canal du Midi hata si Voie Verte. Ni njia ya kandokando ya mfereji, walipopita farasi zamani wakivuta mashua, nawe unaruhusiwa kupita kwa uangalifu wako mwenyewe.

Kosa linatokana na picha. Kutoka Toulouse kwenda magharibi, kufuata mfereji wa Garonne, kuna karibu kilomita 190 ambazo sehemu kubwa ni lami nzuri chini ya kivuli. Mfereji huo na Canal du Midi vimeunganishwa katika safari moja, Canal des Deux Mers, inayotoka upande wa Atlantiki hadi Sète kwenye Mediterania. Watu huona picha za magharibi, wakakata tiketi ya kwenda mashariki. Hata mashariki mwanzo unadanganya. Kutoka Toulouse mpaka Port-Lauragais, kama kilomita 50, ni lami, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuendesha. Halafu unavuka mpaka wa mkoa wa Haute-Garonne, unaingia Aude, na lami inakwisha.

Sababu haina siri. Mfereji ni mali ya serikali kuu na unasimamiwa na shirika la njia za maji, VNF, lakini fedha za kutengeneza njia ya baiskeli hutoka zaidi kwenye mikoa. Kila mkoa una mfuko wake na vipaumbele vyake. Isitoshe, Canal du Midi, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet, uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1996. Huwezi kumwaga lami kando yake bila vibali. Baadhi ya vipande vya Aude vimeshindiliwa upya na vinapitika vizuri. Vingine, hasa ukishaipita Carcassonne, ni kijia chembamba chenye mizizi.

Mizizi hiyo ndiyo ningependa uione kabla hujafunga mizigo. Ni ya miti mikubwa ya kivuli, inayoitwa hapa platane, iliyopandwa kwa maelfu kandokando ya mfereji. Inakata njia kwa mshazari, minene kama mkono wa mtu mzima. Kwenye kivuli chenye madoa ya jua huwezi kuitofautisha na kivuli cha tawi mpaka gurudumu la mbele liwe limeshaigonga. Ukiigonga umekaa kwa uzito wako wote kwenye tandiko, tairi la nyuma linabanwa kati ya mzizi na rimu, na tyubu inatoboka matundu mawili sambamba. Kwa hiyo inuka kidogo kwenye pedali, legeza viwiko, tazama mita kumi mbele, na usipige kona juu ya mzizi ulioloa.

Sasa upepo wa tairi, na hapa naomba unisikilize. Ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo. Haikuagizi ujaze hadi hapo. Wateja wangu huifikia kisha huongeza kidogo "ili iende kasi". Juu ya changarawe tairi gumu haliendi kasi. Linarukaruka, na kila likiruka nguvu ya miguu yako inakwenda juu badala ya mbele, na mwili wako unameza mtikisiko uliobaki. Chukua tairi la milimita 40, au pana zaidi kama fremu yako inaruhusu. Mtu wa kilo 75 aanze kati ya psi 30 na 40, la nyuma lizidi la mbele kidogo. Akibeba mizigo aongeze. Akisikia rimu inagonga, aongeze. Akihisi meno yanagongana, apunguze. Baiskeli ya mashindano yenye tairi la milimita 25 haina nafasi ya kupunguza chochote: ukilegeza inatoboka, ukikaza inakutesa. Ndiyo maana naikataa. Ubora wake siupingi, ila haikuundwa kwa njia hii.

Ukipata tairi zisizo na tyubu, zile zenye dawa ya kuziba pancha ndani, ni bora zaidi, maana vichaka vya pembeni hufyekwa na miiba hubaki njiani. Beba tyubu ya akiba hata hivyo. Mafundi wako mijini: Castelnaudary, Carcassonne, Narbonne, Béziers. Katikati unajitegemea.

Mvua ikinyesha kwenye udongo wa Lauragais, ukanda wa mashamba kusini mashariki ya Toulouse, mambo hubadilika tena. Ni udongo wa mfinyanzi, unanata kwenye breki na walinzi wa matope mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Siku hiyo toka mferejini, tumia barabara ndogo za vijijini zinazokwenda sambamba. Haina aibu yoyote.

Zipo na dhana nyingine. "Mfereji ni tambarare, kwa hiyo ni rahisi." Ni tambarare kweli. Kilele chake, Naurouze, ambako maji hugawanyika kwenda Atlantiki na Mediterania, kiko mita 189 tu juu ya usawa wa bahari, na kuna sehemu ya kilomita 54 kabla ya Béziers isiyo na mlango hata mmoja wa kupandisha au kushusha mashua. Ila ukanda huu una upepo. Cers hutoka kaskazini magharibi na kukusukuma kuelekea baharini. Autan na Marin hutoka kusini mashariki na kukupiga usoni kutwa nzima, na hakuna mteremko wa kukupumzisha. Angalia utabiri wa upepo kabla ya utabiri wa mvua. Ukiona wiki nzima ni Autan, panda treni na baiskeli yako mpaka Béziers, uanzie huko kurudi Toulouse. Treni za mkoa, TER, kwa kawaida hupokea baiskeli nzima nzima, ingawa nafasi hujaa wakati wa likizo. TGV, treni ya mwendo kasi, ina masharti mengine: lipia nafasi ya baiskeli pale inapopatikana, au uifungue na kuitia kwenye mfuko.

"Kuna kivuli njia nzima." Kilikuwepo. Mwaka 2006 ugonjwa wa ukungu unaoua platane uligunduliwa kwenye mfereji, na tangu hapo makumi ya maelfu ya miti imekatwa. Miche ya aina nyingine imepandwa lakini bado haijatoa kivuli cha kutosha. Julai, kwenye vipande hivyo, toka alfajiri na ufike kabla ya saa saba mchana.

"Kila kijiji kina duka na mkahawa." La. Vijiji vingi havina hata kimoja, na vyenye duka hulifunga kuanzia saa sita mchana hadi saa nane au tisa. Jumapili mchana na Jumatatu usitegemee kitu. Nunua mkate asubuhi. Maji tafuta makaburini: karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba, kwa ajili ya maua, na mara nyingi maji yake ni ya kunywa. Ukiona kibao "eau non potable", yaani maji si ya kunywa, usinywe.

"Njia ikiwa na namba na alama za baiskeli, magari hayapo." Hii nayo inaniudhi, maana inahusu usalama wa watoto. Véloroute ni safari nzima iliyowekewa alama, na ndani yake kuna Voie Verte pamoja na barabara za kawaida zenye magari machache. La Loire à Vélo, inayofuata mto Loire na maarufu kuliko zote, ina kilomita 900, na sehemu kubwa yake hupita kwenye barabara ndogo za mashambani. Na hata kwenye Voie Verte, njia inapokata barabara mara nyingi wewe ndiye unayepaswa kusimama. Wafundishe watoto kushuka na kutazama pande zote. Mwenye umri chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, ni sheria tangu Machi 2017.

Baiskeli ya umeme? Inaruhusiwa, mradi mota isizidi wati 250 na ikate msaada ikifika kilomita 25 kwa saa. Zile za kasi zaidi kisheria ni pikipiki ndogo, na hazitakiwi huko.

"Njia za reli za zamani hazina kilima." Hazina kilima kikali. Ile ya Haut-Languedoc, kati ya Bédarieux na Mazamet, zaidi ya kilomita 70 na sehemu kubwa changarawe iliyoshindiliwa, inapanda polepole kwa saa nyingi ukitokea Bédarieux. Huoni mlima, miguu ndiyo inauona. Kula kabla hujasikia njaa.

Na zipo njia zinazofungwa. Huko Bourgogne, Voie Verte ya kwanza ya Ufaransa ilifunguliwa 1997 kati ya Givry na Cluny, kilomita 44 juu ya reli ya zamani. Ukiendelea kusini kuelekea Mâcon unaingia kwenye handaki la Bois Clair, lenye urefu wa kilomita 1.6. Majira ya baridi handaki hufungwa kwa ajili ya popo wanaolala humo, na njia mbadala inapita juu ya mlima. Ukienda majira ya joto, vaa sweta kabla ya kuingia hata kama nje jua linachoma, na uwe na taa yako mwenyewe.