Mathenge na namba ya kijani

Kiangazi kimoja nilisimama karibu na Marigat, Baringo, ramani ya malisho iliyotokana na setilaiti ikiwa mkononi. Pikseli niliyokanyaga, yaani kipande kimoja cha picha hiyo, ilikuwa na kijani cha kuridhisha. Chini palikuwa vumbi tupu. Kijani chote kilitoka kwa mathenge, mti wa kigeni unaobaki na majani hata kiangazi, uliojipanga kama ukuta kando ya korongo, na mbuzi wachache wakiokota maganda yake.

Setilaiti haioni nyasi, inapima mwanga. Jani hai hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa wingi. Toa mwekundu kutoka kwa infraredi, gawanya kwa jumla yao, unapata NDVI, namba ya kijani. Pikseli ya MODIS, kitambuzi kilichobebwa na setilaiti, yenye upande wa mita 250 hufunika hekta 6.25, zote kwa namba moja. Tuseme theluthi ni mathenge wenye 0.6, kwingine udongo wa 0.15: wastani ni karibu 0.3. Uwanda wa nyasi zinazoanza kukauka ungetoa namba hiyo hiyo.

Mawingu tumeyazoea. Huishusha NDVI, nasi huchuja picha za siku 16 tukabakiza iliyo safi. Kelele za kitambuzi nazo hupungua ukichukua wastani: pikseli 10,000, kila moja ikikosea kivyake, kosa linashuka mara 100. Lakini mathenge hukosesha zote upande mmoja, na hapo wastani hausaidii kitu.

Kosa hili linanikosesha usingizi kwa sababu kuna watu wanaoitegemea namba hiyo. Tangu mwaka 2010, Marsabit imekuwa na bima ya mifugo inayolipa kwa kusoma kijani hiki. Bima hulinganisha eneo na historia yake lenyewe, hivyo mti uliokuwepo miaka yote si tatizo kubwa. Tatizo ni mti unaoenea. Baringo ulipandwa mapema miaka ya 1980, na popote unapozidi kusambaa hupandisha kijani cha kiangazi, hadi ukame wa leo uonekane mwepesi kuliko wa zamani, ilhali malisho ni haba vilevile.

Sasa natenga maeneo ya mathenge kwa picha za setilaiti za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10, za mwisho wa kiangazi, miti mingi ikiwa imepukutisha majani. Migunga ya kando ya mito bado hunichanganya. Kwa hiyo nabeba pia fremu ya mita moja mraba: nakata nyasi zilizomo, nazikausha, nazipima. Siku ile Marigat, fremu yangu haikutoa nyasi za kujaza kiganja.