Uso wa Senusret III si picha ya uzee wake

Jamani, tuache kusema kwamba sanamu za Senusret III, farao wa Misri ya kale, zinamwonyesha "alivyokuwa kweli, mzee aliyechoshwa na utawala". Kauli hiyo hurudi kila picha yake inapowekwa mtandaoni, na inawapokonya wachongaji kazi yao.

Hebu shusha macho kutoka usoni. Zipo sanamu tatu za Deir el-Bahri, eneo la mahekalu huko Misri, zilizoko British Museum, London. Mfalme amesimama, viganja amevilaza juu ya shuka kwa namna ya kuomba. Usoni kope ni nzito, chini ya macho pana vifuko, mikunjo inashuka toka puani, pembe za mdomo zimeinama. Kifuani je? Ni kijana kabisa: kifua kipana, tumbo bapa. Mzee gani anazeeka kuanzia shingoni kwenda juu? Mwili umetoka kwenye kanuni ya miraba 18, yaani gridi ya kupimia uwiano wa mwili, toka nyayo hadi nywele zinapoanzia, na kanuni hiyo haikumjali mfalme ana miaka mingapi. Masikio makubwa vilevile utayakuta kwenye sanamu za maofisa wa enzi hiyo. Wote walizaliwa nayo?

Jiwe lenyewe nalo halikubali mambo ya kubahatisha. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, shaba ina 3 hivi; feldispa na kwatzi, madini yaliyomo ndani ya jiwe hilo, zina 6 na 7. Patasi ya shaba hapo inakunjika tu. Jiwe hupondwa kwa mawe ya doleraiti, aina ya mwamba mgumu, chembe kwa chembe, kisha husuguliwa kwa mchanga wa kwatzi. Sasa fikiria kile kifuko cha chini ya jicho. Hakiongezwi juu ya shavu. Shavu ndilo linaloshushwa, kifuko kikabaki kimeinuka kidogo sana. Ukizidisha, hakuna kurudi: utalishusha shavu lote, halafu na la pili lilingane, na macho yatatokeza kama ya chura. Kila mkunjo uliamuliwa kabla ya kupondwa.

Halafu kuna Medamud, huko huko Misri. Hekalu moja la hapo limetoa sura laini ya mfalme huyu na sura yake yenye mikunjo. Zote mbili zipo jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Uso huo unasema nini? Hapo hata sisi tunaozichunguza sanamu hizi tunabishana, kama tunavyobishana iwapo alitawala miaka 19 au 39. Wengine wanasoma huzuni. Mimi naona mlinzi aliye macho, na sababu yangu ni lile jiwe lenye maandishi la Semna, mpakani mwa Misri na Nubia, la mwaka wa 16 wa utawala wake: anasema amesimamisha sanamu yake pale mpakani ili watu waupiganie.