Harufu ya sanduku la baba

Mama mmoja alinieleza kabati lake kabla hajanieleza jina lake. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.) Doti za leso kutoka Biashara Street zimejaa hadi juu, hazijakatwa, hazijapindwa. Mumewe aliita israfu. Yeye alidhani ana shetani.

Mimi ni mshauri nasaha hapa Mombasa, na huwa naanza kwa kutenganisha israfu na uraibu wa kununua. Mwenye israfu hununua akavaa, akajionyesha. Mwenye uraibu wa kununua, raha yake humalizika pale anapokabidhiwa mfuko. Akifika nyumbani anauficha, anadanganya bei, usiku anahesabu madeni. Si jambo la zama za simu tu: mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mjerumani, Emil Kraepelin, alishaliandika. Leo, katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, limetajwa miongoni mwa matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo.

Sikumuuliza anatumia kiasi gani. Nilimuuliza: "Kwenu, kitu kipya kililetwa na nani?"

Akanyamaza kitambo. Baba yake alikuwa baharia, akirudi mara moja kwa mwaka na sanduku kubwa. Alinionyesha kwa kidole jinsi baba alivyopitisha kisu juu ya utepe, watoto wamezunguka mkekani, harufu ya vitu vipya ikitoka. "Harufu ile ndiyo iliyokuwa harufu ya baba," akasema. Baada ya wiki chache baba ameondoka tena, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba ni haki yake kumlilia. Akilia, huambiwa: "Si umeletewa viatu?"

Hapo ndipo jambo linapopandwa. Mtoto anajua kwamba huzuni hujibiwa kwa kitu. Wengine hulipata kwa njia nyingine: aliyevaa kanzu kuukuu Idi baada ya Idi huku wenzake waking'ara, au aliyelelewa katika nyumba ya ugomvi. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulikuta vijana kutoka familia zilizovunjika wana mwelekeo mkubwa zaidi wa ununuzi wa aina hii, na sehemu ya sababu ilikuwa misukosuko ya nyumbani na kupungua kwa malezi waliyoyapata. Hii haimaanishi kwamba kila mtoto wa baharia ataugua. Maumbile na huzuni za ukubwani nazo zimo.

Nawasihi jamaa: msimnyang'anye kadi mkamsimanga mbele ya watoto. Aibu hiyo hiyo ndiyo itakayomrudisha dukani.

Nilimpa daftari aandike si alichonunua, bali kilichotokea kabla ya kutamani kununua. Wiki iliyofuata ukurasa wa kwanza ulisema: "Alhamisi, baada ya alasiri. Mwanangu aliye Doha hakupokea simu. Nimeshavaa buibui."