Kukata vipande vifupi vya bomba la brasi kwa msumeno mdogo

Chukulia unahitaji vipande mia moja vya bomba la brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) lenye kipenyo cha milimita 12 na ukuta wa milimita 1. Kila kipande kiwe na urefu wa milimita 20, vyote viwe sawa na kingo zisiwe za mshazari. Mkerezaji wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, atakukatia kwa lethi, yaani mashine ya kukereza, na kazi yake itakuwa safi kuliko yoyote ninayoieleza hapa. Lakini kama ni pete za miguu ya viti, spesa za vishikizo vya droo au pete za mipini ya visu, gharama ya lethi hula faida yote. Hapo msumeno mdogo wa mezani, ule wenye diski ya milimita 50 hadi 80 na mkono wa kushusha, unatosha kabisa.

Jambo ninalotaka fundi alibebe kichwani ni kwamba mkato mzuri unatokana na namna bomba lilivyoshikwa. Diski inakuja baadaye. Mtu anabadilisha diski tatu, nne, kila moja ghali kuliko iliyotangulia, kumbe tatizo liko kwenye jiliwa dogo lililokuja na mashine: limelegea, linashika sehemu mbili tu na linabonyeza bomba hadi linakuwa na umbo la yai.

Kwanza hakikisha ulichonunua ni brasi. Pitisha sumaku, ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kisha kwangua ncha kwa tupa, na rangi ya manjano iendelee mpaka ndani. Fimbo za kukereza huwa na shaba asilimia 58 hivi, zinki, na madini ya risasi asilimia 2 hadi 3 ili ziache chenga fupi zinazovunjika. Mabomba ya kuvutwa, yaani yaliyopitishwa kwa nguvu kwenye tundu kiwandani, huwa na shaba nyingi zaidi, kati ya asilimia 63 na 70. Kwa hiyo ni laini, huvutika, na huacha ndevu, yaani vijincha vikali vya metali, kwenye ukingo kuliko fimbo. Ukishangaa kwa nini diski iliyokata fimbo vizuri jana leo inararua bomba, sababu ndiyo hiyo.

Maganda ya risasi za bunduki nayo ni brasi, shaba 70 kwa zinki 30, na Marekani wapo wanaoyakata kwa misumeno ya aina hii. Hapa kwetu Tanzania usiyaguse. Silaha na risasi zina sheria yake, ya mwaka 2015, na ganda ambalo fataki yake haijapigwa linaweza kulipuka mkononi. Ukilikuta kwenye mzigo wa skrepa, liweke pembeni na utoe taarifa polisi.

Kibao cha mninga

Hiki ndicho kiini cha kazi nzima. Chukua kipande cha mninga mkavu chenye urefu wa milimita 60, upana 40 na kimo 30. Toboa tundu la milimita 12 kwa urefu wake wote, kwa drili ya kusimama, maana ya mkononi itakwenda upande na kila mkato utakuwa wa mshazari bila wewe kujua kwa nini. Tundu likae juu, libakize milimita 3 tu za mbao kati yake na uso wa kibao, ili diski isimalize kina chake kwenye mbao. Halafu pasua mfereji mwembamba kutoka kwenye tundu hadi ubavu wa mbele, urefu wote wa kibao. Weka bolti ya milimita 5 iliyosimama wima, ikatize mfereji huo, lakini upande wa kushoto peke yake. Ukikaza bolti, mfereji unajifunga na mbao inalikumbatia bomba mzunguko mzima. Bomba halibonyei, halizunguki.

Funga kibao kwenye kitako cha mashine kwa skrubu mbili, ukipima kwa gonia dhidi ya uso wa diski. Kisha washa na ushushe diski kwenye kibao kikiwa kitupu, ikate mbao kuanzia juu hadi milimita 2 chini ya tundu. Kibao kinabaki kipande kimoja kwa chini, ila juu kimegawanyika: kushoto milimita 35 zinazoshika, kulia milimita 24 zinazoegemeza tu. Mkato huo wa kwanza unafanya kazi mbili. Unakuonyesha diski inapita wapi hasa, na mbao inalizunguka bomba pande zote mbili za diski, hivyo ndevu hazipati pa kujikunja kwa nje.

Kwa diski ya milimita 80 kina hicho kinapatikana bila shida. Kwa ya milimita 50, ukiondoa nafasi inayochukuliwa na sahani za kubania diski, bomba la milimita 8 ndilo nisingependa ulizidi.

Ndani ya bomba ingiza kijiti cha mbao laini kilichochongwa kikaingia kwa kusukumwa kidogo kwa mkono. Wengi hukiruka, na hapo ndipo vipande vinaporuka mpaka kwa jirani. Kijiti kinazuia ukuta mwembamba kutetemeka, na kipande kikishakatika kinabaki kimeshikwa badala ya kurushwa na meno. Kwa joto na unyevu wa pwani usikiache ndani usiku kucha. Mbao inavimba, na asubuhi utahitaji drili kukitoa.

Meno na mwendo

Mzingo wa diski ya milimita 80 ni milimita 251. Ikiwa na meno 80, jino hadi jino ni milimita 3.1; ikiwa na meno 128, inashuka chini kidogo ya 2. Ukuta wa bomba letu ni milimita 1. Maana yake, diski inapofika kwenye kuta za pembeni kuna vipindi ambavyo ukutani hamna jino lolote, kisha linalofuata linaingia kwa kishindo. Hapo ndipo kelele, ukingo uliochanika na meno yaliyovunjika vinapotokea. Tafuta diski yenye meno mengi kadiri unavyoweza kupata, na acha kijiti cha ndani kifidie pengo linalobaki, kwa sababu jino linalotoka kwenye brasi linaingia kwenye mbao badala ya kuingia hewani.

Diski ya mbao yenye meno 24 iache dukani. Tatizo si idadi ya meno tu. Uso wa jino lake umeinama mbele kama ndoano, na brasi ni metali inayovuta jino ndani. Jino linajichimbia lenyewe, mkono wako unashuka kabla hujautuma, na bomba linapinda. Jino la kukatia brasi uso wake uwe wima ukielekea kitovu cha diski, au uegemee nyuma kidogo. Kama diski uliyo nayo imeinama mbele kidogo tu, unaweza kuisahihisha kwa jiwe dogo la kunolea: piga uso wa kila jino mpaka upate bapa jembamba la nusu milimita hivi kwenye ncha. Ni kazi ya subira lakini inabadilisha kabisa tabia ya diski.

Diski nyembamba za grenda, zile za kusaga, zinakata brasi, ila siziamini kwa kazi ya vipimo. Brasi laini inaziba vinyweleo vya diski, diski inaanza kusugua badala ya kukata, joto linapanda, na ukingo unatoka na ndevu nene.

Kuhusu kasi, diski ya milimita 80 kwenye mizunguko 6000 inapita mita 1500 na kitu kwa dakika. Hiyo ni kasi kubwa mno kwa diski ya hai spidi, yaani ya chuma kigumu cha zana za kukatia. Inavumilika kwa sababu mkato ni wa sekunde chache na ukuta ni mwembamba, lakini ukiona meno yanabadilika rangi kuelekea bluu ujue joto limezidi. Mota yenye kaboni (vijipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) unaweza kuipunguza mwendo kwa kidhibiti cha umeme kinachobeba wati za mashine hiyo. Mota isiyo na kaboni usiijaribu hivyo, itaungua. Na kama mashine imetoka Marekani, soma kibati chake kabla ya kuichomeka: imetengenezwa kwa volti 120 na yetu ni 230.

Oili haihitajiki. Gusa meno kwa mshumaa baada ya kila mikato michache, inatosha.

Hesabu na mkato

Diski ya unene wa milimita 1 inakula milimita 1 kila mkato, wakati mwingine zaidi kidogo kama inayumba. Kata vipande vya 20.3 ili ubaki na 0.3 ya kumalizia. Kila kipande basi kinachukua 21.3 za bomba. Mwishoni unahitaji takribani milimita 40 za kushikwa kwenye kibao, ambazo haziwezi kukatwa kwa usalama. Bomba la mita moja linatoa vipande 45, pamoja na cha kwanza ambacho utakitupa. Kwa mia moja nunua mita tatu, usinunue mbili na nusu ukitegemea bahati.

Stopa, yaani kizuizi kinachopima urefu wa kipande, iwe ya kukunjika au kusogea: bapa la chuma kwenye bawaba, au bolti ndefu kwenye kipande cha pembe kinachoteleza. Sukuma bomba liguse stopa, kaza bolti ya kibao, kisha ondoa stopa kabla ya kukata. Hapa sitaki mjadala. Kipande kilichobanwa kati ya diski inayozunguka na stopa iliyokazwa hakina pa kwenda. Kinageuka kidogo, kinanasa, na kitakachotoka ni kipande kilichopinda, diski iliyovunjika, au vyote viwili. Stopa pia hukusanya chenga kwenye uso wake. Chenga moja ya milimita 0.2 inafupisha kila kipande kinachofuata kwa 0.2, kwa hiyo ifute kwa brashi kila mara.

Washa, acha mota ifike mwendo wake, kisha shusha taratibu. Mguso wa kwanza uwe mwepesi sana, kwa sababu diski inaegemea mgongo wa mviringo na ikisukumwa inateleza pembeni. Ukishaona mkato umeshika, ongeza kidogo. Ukikaribia chini punguza tena. Mkato ukiisha, zima na uache diski isimame ikiwa chini, ndipo uinue. Wanaoinua ikiwa inazunguka ndio wanaoona kipande kikinaswa na jino la nyuma.

Vaa miwani. Glovu vua, kwa kuwa uzi mmoja ukinaswa mkono unafuata.

Kipande cha kwanza cha kila bomba kitupe kwenye boksi la skrepa. Ncha ya kiwandani mara nyingi imebonyea. Cha pili ndicho cha kupima. Lakini toa ndevu kwanza, ndani kwa ncha ya drili kubwa inayozungushwa kwa vidole, nje kwa tupa laini. Ndevu peke yake zinaweza kuongeza milimita 0.1 au 0.2 kwenye kalipa, na mtu anasogeza stopa kufuata kosa ambalo halipo. Joto, ambalo wengi hulilaumu, halina uzito hapa: kipande cha milimita 20 kikipata joto la nyuzi 50 zaidi kinarefuka kwa takribani milimita 0.02.

Kipimo kikiyumba kipande hadi kipande, angalia bolti na chenga. Kikiongezeka au kupungua kidogo kidogo kwa mfululizo, stopa inateleza. Ukingo ukiwa wa mshazari siku zote upande uleule, kibao hakiko sawa na diski. Ukiwa wa mshazari ovyo ovyo, diski imepoteza makali au unasukuma kwa nguvu. Mkato mpana kuliko unene wa diski unamaanisha diski inayumba. Chomoa waya wa umeme, futa sahani za kubania, kisha izungushe kwa mkono karibu na njiti ya kiberiti iliyosimamishwa. Na kama tundu la diski ni kubwa kuliko ekseli, tafuta ringi iliyokerezwa, usijazie karatasi.

Ile 0.3 iliyobaki iondoe kwa msasa namba 240 uliobandikwa juu ya kioo, ukikishikilia kipande ndani ya kibao kingine kilichotobolewa wima ili kisilale. Kwa mia moja, mwombe mkerezaji akuchongee bushi (pete nene) la chuma kigumu lenye urefu wa milimita 20 kamili. Tia kipande ndani na upige tupa mpaka isikie chuma.

Jambo moja la baadaye ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Bomba la kuvutwa linabaki na mkazo ndani yake, na brasi yenye mkazo ikikutana na amonia na unyevu hupasuka yenyewe kwa urefu. Waingereza waliliona hilo kwa maganda yao ya risasi India, yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi msimu wa mvua. Dar unyevu upo mwaka mzima. Kwa hiyo pete inayoingizwa kwa nguvu kwenye mguu wa kiti usiisafishe kwa dawa yenye amonia, na mwonye mteja pia. Kwa pete zitakazobanwa sana, zipashe joto la nyuzi 250 hadi 300 kwa muda wa saa moja kabla ya kuzing'arisha. Mkazo unapungua bila brasi kulainika sana.

Chenga zifagie kwa kitambaa kibichi, usizipulize kwa kompresa, hasa ukikata fimbo zenye madini ya risasi. Nawa kabla ya kula. Ziweke kwenye kopo lake, zisichanganyike na za chuma, kwani mnunuzi wa skrepa atapitisha sumaku, na mzigo uliochanganyika ataulipa kwa bei ya chuma.