Kanzidata Inaposema "Tayari", Iulize: Tayari Wapi?

Mteja ametuma pesa, simu imemwandikia "Muamala umekamilika". Rekodi hiyo iko wapi sasa? Swali hili kwa kawaida huulizwa siku seva, yaani kompyuta inayotunza rekodi, imeshazimika.

Mifumo mingi ya kanzidata, yaani programu za kuhifadhi data, huwa na seva tatu: kuu inayopokea rekodi, na mbili zinazonakili. Seva kuu ikijibu "tayari" kabla nakala haijafika kwingine, kisha ikazimika papo hapo, moja ya zile mbili hushika uongozi bila kuijua rekodi ile. Seva ya zamani ikirudi hulazimika kuiondoa ili ilingane na nyingine. Mteja alishajibiwa.

GitHub, inakohifadhiwa misimbo ya programu za dunia nzima, iliyaonja haya Oktoba 21, 2018. Mtandao wake mashariki mwa Marekani ulikatika kwa sekunde 43 tu. Uongozi wa kanzidata za MySQL ukahamia magharibi, ilhali mashariki kulibaki mabadiliko yasiyovuka; katika moja ya kanzidata zenye shughuli nyingi yalikuwa 954. Huduma zilichechemea kwa saa 24 na dakika 11.

Mpangilio wa awali, yaani ule ambao kanzidata huja nao, una uzito kwa sababu wengi wetu hatuugusi. MongoDB, kanzidata nyingine, mwanzoni haikusubiri hata jibu la seva kuu. Mwaka 2012 ikaanza kulisubiri. Mwaka 2021, toleo la 5.0, ikaanza kusubiri zaidi ya nusu ya seva, yaani mbili kati ya tatu. Lakini ikiwa ya tatu ni ya kupiga kura tu ya kuchagua seva kuu, haina data, mpangilio hurudi kusubiri moja. Waliobana matumizi kwa njia hiyo wakague leo. PostgreSQL, nayo kanzidata, husubiri diski yake yenyewe. Nakala haizisubiri mpaka uzitaje kwenye mipangilio.

Ushauri wangu: anza kwa kusubiri zaidi ya nusu ya seva, kisha legeza kwa makusudi panapostahili, kama hesabu ya waliotazama video. Gharama ni kusubiri: ndani ya jengo moja haionekani, ng'ambo ya bahari inauma.

Jambo moja huwaponza hata wazoefu. Muda wa kusubiri ukiisha, haina maana rekodi haikuandikwa. Huenda ipo tayari. Programu ikiituma tena bila namba ya pekee ya muamala, mteja atakatwa mara mbili.