Kwa nini redio ya babu siku hizi inakoroma tu?

Zamani redio ile ya betri nne kubwa, yenye ganda la ngozi na antena ya kuvuta, ilikuwa inakamata London, Cologne, Cairo na Beijing kwa Kiswahili bila shida. Leo ukiitia betri mpya inatoa shwaaa mwanzo hadi mwisho wa kioo, labda na stesheni moja inayosikika kwa mbali. Mwenye nayo huamua imekufa, ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Hasara hiyo haina sababu, kwani mara nyingi redio yenyewe ni nzima au ina ugonjwa mdogo. Mambo matatu ndiyo yamebadilika, na mawili kati yake yako nje ya redio.

La kwanza ni kwamba mitambo imeondoka. Idhaa za Kiswahili kutoka nje zilifuatana haraka: Cairo 1954, BBC 1957, Beijing 1961, Deutsche Welle (idhaa ya Ujerumani) 1963. Zilisikika kwa nguvu kwa sababu baadhi yake zilikuwa na mitambo ya kurushia jirani yetu. Wajerumani walikuwa na mtambo Kigali, ukazimwa Machi 2015. BBC walikuwa na wao kisiwani Mahé, Shelisheli, tangu 1988, ukafungwa Machi 2014. Matangazo ya masafa mafupi yanayokuja sasa hutoka mbali zaidi, kwa saa chache, na namba zake hubadilishwa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Anayesubiri kituo mahali alipokiacha mwaka 1998 atasubiri sana. Tafuta ratiba ya msimu husika kwanza, ndipo ushike kitufe.

La pili ndilo linaloua usikivu mijini: kelele za umeme. Chaja ya simu, taa ya LED, televisheni bapa, inveta na kontrola ya sola, vyote hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato hutoa mawimbi madogo, nayo hujirudia kwa vipimo vya juu zaidi hadi kuenea masafa ya kati na masafa mafupi yote. Chaja za zamani zenye transfoma nzito hazikuwa na tabia hii. Jaribio lake ni rahisi: usiku, ukitumia betri, toka na redio uende hatua thelathini au arobaini kutoka kwenye nyumba, mbali na nyaya za nguzo. Kama ghafla stesheni zimejaa, fundi hahitajiki.

Redio yenyewe ndiyo itakayomtaja mkosaji. Iweke kwenye MW (masafa ya kati), karibu na 600, mahali pasipo na stesheni, sauti juu kiasi, kisha zunguka nayo chumbani. Ukikaribia chaja mbovu mkwaruzo unageuka mngurumo. Chomoa, sikiliza, nenda kwenye kinachofuata. Aghalabu ni taa moja au mbili za bei ya chini zinazochafua nyumba nzima, na kontrola ndogo za sola zisizo na kichujio chochote ndani.

Muda wa kusikiliza nao una maana yake. Mchana, stesheni ya masafa ya kati hukufikia kwa wimbi linalotambaa juu ya ardhi, na umbali wake una kikomo. Wimbi linalopanda angani hukutana na tabaka la D, kilomita 60 hadi 90 juu yetu, ambako jua limeng'oa elektroni kutoka kwenye hewa. Hewa ya huko bado ni nzito kiasi: elektroni zikitikiswa na wimbi hugongana na molekuli, na nguvu ya wimbi inaishia hapo kama joto. Jua likizama, elektroni za tabaka hilo zinarudiana na molekuli upesi na tabaka linafifia. Juu zaidi, kilomita 250 na kuendelea, liko tabaka la F. Huko hewa ni nyembamba mno, elektroni hukaa usiku kucha bila kukutana na kitu, na wimbi hupindishwa likarudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka lilikoanzia. Mwingereza Edward Appleton alithibitisha kuwepo kwa tabaka la namna hii Desemba 1924 kwa kutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth na kipokezi kilichokuwa Oxford. Mwaka 1947 akapewa tuzo ya Nobel.

Kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo MW huanza kufunguka kwenye saa moja usiku na hufunga kunapopambazuka. Masafa mafupi yana mpangilio wake: mchana jaribu bendi za mita 16 na 19, jioni mita 25 na 31, usiku mwingi mita 41 na 49. Sauti ikipanda na kushuka kama inayovutwa, usipige redio makofi. Ni mawimbi mawili ya kituo kimoja yaliyopita njia tofauti, mara yanasaidiana, mara yanauana.

Sasa tuje kwenye la tatu, ugonjwa wa ndani.

Anza na chumba cha betri. Betri za kawaida za bei nafuu zina kopo la zinki, na kopo hilo ndilo upande hasi wenyewe: kadiri betri inavyotumika ndivyo kopo linavyoliwa, mpaka linatoboka. Kinachovuja ni cha asidi. Kifute kwa pamba iliyochovywa maji ya magadi, kisha maji safi kidogo, kausha, halafu sugua bati kwa msasa laini hadi ling'ae. Betri za alkali zikivuja huacha unga mweupe, na dawa yake ni kinyume: siki au ndimu. Ukichanganya dawa hakuna kitakacholipuka, ila uchafu utabaki palepale. Usisahau springi ya upande hasi, kwani kutu hupenda kujificha pale chini ilipoungwa waya. Nje waya unaonekana mzima, ndani ya plastiki shaba imegeuka unga wa kijani. Ukate urudi nyuma hadi ukute shaba nyekundu.

(Na ile kazi ya kuanika betri juani? Inafanya kazi, kwa muda mfupi. Joto huharakisha kemikali zilizobaki ndani na kupunguza ukinzani wa betri, hivyo inatoa saa chache zaidi. Haichajiki. Na zilizoanikwa mara nyingi ndizo huvuja kwanza, basi zisilale ndani ya redio.)

Ukiwa na mita ya fundi, iunge katikati ya betri na bati lake, redio ikiwa imewashwa na sauti iko sifuri. Redio ndogo ya transista iliyo nzima hula kati ya mA (miliampea) 10 na 20 hivi. Ikila zaidi ya 50 kabla hujaongeza sauti, kuna transista ya spika au kapasita inayovujisha umeme. Ikila sifuri, swichi au waya umekatika.

Sauti inayokwaruza unapozungusha kitufe ni vumbi na kutu kwenye njia ya kaboni. Tone moja au mawili ya dawa ya kusafishia kontakti kupitia upenyo wa kitufe, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Swichi ya kubadilishia bendi ifanyie vivyo hivyo. Hiyo ndiyo husababisha "SW (masafa mafupi) imekufa, MW inafanya kazi" kuliko kitu kingine chochote. Mafuta ya kulainishia bawaba au cherehani yasikaribie hapo. Yanakusanya vumbi na kulainisha plastiki.

Redio ikipiga "put-put-put" kila ukiongeza sauti, mshuku kapasita mkubwa wa umeme wa betri, kwa kawaida µF 220 au 470. Ndani yake mna majimaji, na baada ya miaka 30 au 40 yanakauka. Kazi yake ni kushika akiba ya umeme ili spika ikivuta ghafla, sehemu ya mbele ya redio isiyumbe. Akiba ikiisha, redio nzima inajizima na kujiwasha kwa kasi. Weka mpya ya volti 16. Sauti ndogo iliyo safi huwa ni kapasita wadogo wa µF 1 hadi 10 wanaopitisha sauti kutoka hatua moja hadi nyingine.

Hapa kuna mtego uliowanasa mafundi wengi. Redio nyingi za miaka ya 1960 zina transista za germani za aina ya PNP, na upande chanya wa betri ndio umeungwa kwenye ardhi ya bodi. Fundi aliyezoea redio za sasa huweka kapasita akidhani ardhi ni hasi, na kapasita huyo anapasuka. Fuata alama ya kapasita wa zamani, usifuate mazoea.

Redio za Ulaya za kipindi hicho zina ugonjwa mwingine wa ajabu. Transista za AF114 hadi AF117 zina kopo la bati, na ndani ya kopo hilo huota nyuzi za bati nyembamba kuliko unywele, hadi zinagusa kiini na kuleta shoti kimyakimya. Transista hizo zina miguu minne, mmoja ukiwa wa kopo tu. Ukiukata huo unaokwenda kwenye ardhi, mara nyingi redio inaamka palepale. Uzi unaweza kuota tena upande mwingine, lakini mgonjwa amepata muda.

Usiguse vikopo vidogo vyenye skrubu za rangi: nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi. Nyekundu huongoza mahali stesheni zinapokaa kwenye kioo, na tatu zilizobaki zimepangwa zikubaliane kwenye kHz 455. Hakuna ugonjwa wa ghafla unaotibiwa kwa kuzizungusha. Ukifungua redio ukakuta skrubu hizo zimechakaa vichwa, jua kuna mtu alipita hapo na bisibisi, na punguza bei unayotaka kulipa.

Hilo linatuleta kwenye kununua, kwa aliyeanza kunogewa. Nenda mnadani na betri zako mwenyewe, nne kubwa na nne ndogo, kwani muuzaji atasema haina betri tu. Hakikisha kifuniko cha betri kipo. Kukipata kingine ni kazi kuliko kupata transista. Antena iliyovunjika isikutishe, hubadilishwa. Kisha weka MW, kamata stesheni, na uizungushe redio taratibu kama unavyozungusha sinia. Ndani mna fimbo nyeusi ya feraiti yenye koili: stesheni husikika vizuri ubavu wa fimbo ukiielekea, na hufifia ncha ikiielekea. Isipobadilika hata kidogo mchana kwa stesheni ya mbali, fimbo imepasuka au waya wake mwembamba umekatika.

Redio zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina FM ya 76 hadi 90, ugonjwa uleule wa redio za magari yaliyotumika, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Zile za kidijitali za soko la Marekani huruka kHz 10 kwenye MW ilhali kwetu ni 9, hivyo tafuta swichi ya kubadilisha, mara nyingi imefichwa chini au ndani ya chumba cha betri. Kati ya zinazotafutwa na wakusanyaji, National Panasonic RF-2200 ya miaka ya 1970 ina fimbo ya feraiti inayozunguka juu ya mgongo wake, na Sony ICF-2001D ya 1985 bado inashindana na za leo. Asiyetaka kukarabati anunue Tecsun mpya. Haina haiba, lakini inasikia vizuri.

Kwa masafa mafupi, waya wa mita tano hadi kumi uliobanwa kwenye antena ya kuvuta na kutupwa juu ya mti unatosha. Ukizidisha, redio ndogo inalemewa na stesheni zinapandiana. Uondoe waya huo mvua ikinguruma.

Kwa MW waya hausaidii sana, kwa sababu kazi inafanywa na fimbo ya ndani. Tengeneza fremu ya mbao ya mraba, sentimita 60 kila upande, zungushia waya wa kawaida wenye plastiki raundi 13 zikiachana milimita 5, yaani mita 32 hivi, na uunge ncha zote mbili kwenye kapasita ya kutafutia stesheni ya pF 365 kutoka redio kubwa iliyokufa. Ile ndogo ya redio ya mfukoni haitoshi, itafikia nusu ya juu ya bendi tu. Hakuna waya unaokwenda kwenye redio. Simamisha fremu sentimita 15 kutoka ubavuni mwa redio, fimbo ya ndani ikitazama katikati ya fremu, tafuta stesheni dhaifu, kisha zungusha kapasita taratibu. Mahali fulani, ndani ya upana wa unywele, sauti itaruka juu. Ukibadilisha stesheni itabidi uipange upya, na ukiielekeza fremu uso kwa uso na taa ya jirani inayokwaruza, yaani tundu lake likiitazama taa, mkwaruzo wake utapungua sana na stesheni ya upande mwingine itabaki.