Uswisi: eneo la kuzikia taka za mionzi lililokaribia kuachwa

Taka kali za vinu vya nyuklia hubaki hatari kwa maelfu mengi ya miaka, na ndiyo maana nchi kadhaa zimeamua kuzizika ndani ya miamba, mamia ya mita chini ya ardhi, mahali ambapo mtaalamu hawezi kupaona pote. Shimo la kuchoronga hutoa mche mwembamba tu wa mwamba. Baina ya shimo moja na jingine mwanajiolojia hukadiria, akisaidiwa na mawimbi ya mtetemo yanayorudi kutoka ardhini.

Nchini Uswisi, mwaka 2015, Nagra, taasisi iliyokabidhiwa kazi hiyo, ilipendekeza eneo la Nördlich Lägern liwekwe kando, kwa hoja kwamba mwamba wa udongo wa mfinyanzi uitwao Opalinus, wenye umri wa miaka milioni 175 hivi, umelala pale kwenye kina kirefu mno kwa uchimbaji wa mahandaki. ENSI, mamlaka ya usalama wa nyuklia, haikuridhika. Haikudai kwamba eneo hilo ni bora. Ilisema kwamba data zilizokuwapo hazikutosha kuliondoa. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, kwa kuwa pengo la maarifa halikuruhusiwa kuhesabiwa kama kasoro ya mwamba.

Serikali ikaamua mwaka 2018 kwamba maeneo yote matatu yaliyosalia, Nördlich Lägern likiwa mojawapo, yachunguzwe, na kuanzia 2019 yakachorongwa mashimo marefu. Septemba 2022 Nagra yenyewe ikatangaza kwamba Nördlich Lägern ndilo eneo lenye usalama mkubwa zaidi. Kina kile kile kilichohofiwa kikaonekana kuwa ngao, kwa sababu barafu kubwa za zama za baridi zijazo zikija kusonga na kuichimba ardhi, hazitaufikia mwamba huo kwa urahisi.

Barafu hizo haziwezi kuchorongwa wala kupimwa leo. Kwa mashaka ya namna hiyo wataalamu hukokotoa hali nyingi zinazowezekana, pamoja na zile mbaya, kisha hukagua kama mionzi inayoweza kumfikia binadamu ingebaki chini ya kiwango cha sheria hata hapo. Maombi ya kibali cha jumla cha ghala hilo la chini ya ardhi yaliwasilishwa Novemba 2024, na sheria ya Uswisi inataka ghala liangaliwe kwa muda mrefu kabla ya kufungwa, huku taka zikiwa bado zinaweza kutolewa.